Kofia za Alhamisi

Kofia ya Time Faki ilikuwa inachuruzika maji, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi uliopita.

Aliishika kwa vidole viwili, mbali na kifua chake, kama mtu aliyemkamata panya mkiani. Matone yalidondoka juu ya meza ya maabara. Gwimo, ambaye hawezi kuona kitu bila kukihesabu, tayari alikuwa anachezesha midomo.

"Nani kaiosha?" Time aliuliza. "Ambi, kama ni mzaha wako, leo umekosea siku. Miye leo nasafiri."

"Kofia haioshwi. Ina nyaya. Unaniona mimi mpumbavu kiasi gani?"

"Hilo tuliache. Imelowa na nini?"

Nilitaka kusema ukungu, lakini kofia ililala kabatini, na kabati la kofia hufungwa na kupashwa joto ili nyaya zisishike kutu. Nikanyamaza. Mimi kunyamaza si dalili njema, na wenzangu wote wawili waligeuka kunitazama.

Mimi ni Ambilikile Mwakalindile, mtu wa baiolojia, mzaliwa wa Isongole, na kwamba naongea sana hata mama yangu hakatai. Time ni wa fizikia, ametoka Wete, Pemba, na kwa miaka mitatu ameichukia baridi ya uwanda wa Kitulo kana kwamba ni ukoo wetu ulioileta. Gwimo ni wa hisabati, kwao Kasulu, na husema maneno machache kama mtu anayeyatoa kwenye akiba. Watatu sisi ni mwanafunzi mmoja. Katika Kitivo cha Sayansi Unganifu hakuna anayesoma peke yake: mnaingia watatu, kila mmoja na fani yake, na mnatoka na shahada moja yenye majina matatu. "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo," ndiyo kaulimbiu yetu, na imefumwa hata kwenye mashati ya michezo.

Kinachotuunganisha ni kofia. Unafumiwa ya kwako mwaka wa kwanza, ya sufu, ina nyaya nyembamba kuliko utando wa buibui ndani yake. Unaivaa kila unaposoma fani yako, nayo inajifunza mwendo wa kichwa chako. Haibebi maarifa, hayo kila mtu ameshayasoma vitabuni. Inabeba tabia: wapi unakimbia, wapi unasitasita, nini hukutia shaka kabla hujajua kwa nini. Kisha kila Alhamisi mnahama viti. Unavaa kofia ya mwenzako na kujibu maswali ya fani yake, na ya kwako unakatazwa kuyagusa. Juu ya kila mlango wa kitivo wameandika kwa rangi nyeupe: SWALI LAKO HALIJIBIWI NAWE. Waasisi walikuwa wamechoshwa na wataalamu wanaojisahihisha wenyewe, na kusema kweli walikuwa na sababu.

Nilichomoa uzi mmoja kwenye kofia ya Time, nikauweka chini ya hadubini. Haukuwa uzi wa sufu. Ulikuwa wa kijivu, una vishikizo pembeni, na kwenye ncha yake lilikuwa linaumbika tone jipya, taratibu, huku nikilitazama.

"Zetu," nikasema.

"Zetu nini?"

"Mvi zetu."

*

Mvi ndiyo kazi yetu ya mwaka wa tatu. Ni kiumbe nusu kuvu na nusu mwani, tulichokiunda sisi wenyewe, na tumekipa jina hilo kwa sababu kikiota juu ya wavu unaonekana kama ndevu za babu. Kazi yake ni kunywa ukungu. Mvua zimetukimbia, lakini ukungu wa Kitulo bado huja kila alfajiri, na mvi huunyonya na kuudondosha kwenye mifereji chini ya nyavu. Maji hayo yanashuka mpaka kwenye mabomba ya vijiji vya bondeni. Watu wanayanywa, wanapikia, na mama mmoja alimbatizia mwanawe.

Kiumbe cha namna hiyo hakiachiwi bila breki. Breki ya mvi ni baridi. Nyavu zina waya za joto. Waya zikizimwa, usiku wa Kitulo huzimaliza mvi zote kabla jua halijachomoza. Kuamua zife kwenye nyuzi ngapi lilikuwa swali la baiolojia, kwa hiyo mimi nilikatazwa kulijibu. Gwimo alilijibu, akiwa amevaa kofia yangu, na alilijibu kwa uangalifu mno. Alikusanya rekodi zote za hewa ya uwanda huu, akatafuta usiku wenye joto kuliko mwingine wowote, akaweka kikomo juu ya hapo, kisha akaongeza kidogo kwa ajili ya bahati mbaya. Time akahakiki akiwa kwenye kiti cha hisabati. Hesabu haikuwa na doa. Baraza la kitivo lilitupigia makofi.

"Haiwezekani," Gwimo alisema sasa. "Juu ya nyuzi kumi ndipo zinaishi. Chini ya hapo zinakufa."

"Kabatini kuna nyuzi ngapi?" nikamuuliza.

Aligeuka kulitazama kabati.

"Na chini ya kofia, kichwani?"

Gwimo aliketi. "Nilitafuta joto la hewa," alisema.

"Sote tulitafuta la hewa," Time alimwambia, na ninampenda kwa kulisema haraka hivyo, maana mwingine angeonja kwanza utamu wa kulaumu.

Tulikuwa tunatoka kwenye nyavu tukiwa na kofia vichwani, tunaingia darasani, tunazivua, tunabadilishana. Kila Alhamisi, kichwa hadi kichwa. Katika nchi nzima hakuna watu wengine wenye desturi ya kupokezana kofia zisizooshwa, na kwenye uwanda mzima hakuna palipo na joto usiku na mchana kama kwenye kabati lile na kwenye miili yetu. Tulimtengenezea mnyama zizi la barafu, kisha tukambeba mgongoni mpaka jikoni.

Nilijipitishia chanuo kichwani, likatoka na nyuzi tatu za kijivu. La Gwimo lilitoka na zaidi. Time aliingia nyuma ya pazia la stoo, maana ushungi wake hauvui mbele yetu, na alikaa huko muda ambao haukunifurahisha. Alipotoka aliweka chanuo mezani. Meno yake yote yalikuwa yameziba kijivu. Pembeni yake aliweka kipande cha plasta alichobandika na kubandua shingoni, mahali pasipo na nywele. Nilikiweka chini ya hadubini. Nako ilikuwapo moja, fupi, imejishikiza.

"Wale wanakondoo," nikasema. Sikutaka kusema, lakini mdomo ulishatangulia.

Wiki iliyopita wanakondoo wawili wa zizi la chuo, zizi ambako sufu ya kofia hutoka, na ambako sisi wanafunzi hulisha kwa zamu, walikutwa wamekufa. Walikuwa wamelowa chepechepe hadi kwenye ngozi, na mapafu yao yamejaa. Tulisema ni umande.

Time alitazama saa ya ukutani. Gari la chuo la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa linaondoka saa nane. Mkoba wake ulikuwa mlangoni tangu asubuhi, na juu yake kanzu mpya ya kumpelekea baba yake, imekunjwa vizuri. Mzee Faki alikuwa amelazwa nyumbani kwake Wete, si hospitali, kwa sababu hospitali walisema hakuna tena cha kumfanyia. Mdogo wake Time, Mize, alikuwa amepiga simu juzi na kusema neno moja tu: wahi.

*

Dokta Mfinanga, mkuu wa somo letu, alikuja tulipomwita, akasimama nje ya kioo cha maabara. Tulimweleza kwa kupokezana. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ikiwa chafu vilevile.

"Sheria inanitaka nifunge jengo nikishapata majibu ya maabara kuu," alisema. "Sampuli nazituma leo. Majibu yatakuja Jumatatu. Mpaka hapo mlango huu hauna kufuli."

"Dokta, majibu tunayo," nikasema. "Yako chini ya hadubini."

"Ambilikile, nimemsemesha Time." Akasogea kwenye kioo. "Mama yangu alifariki nikiwa chumba cha mtihani. Nilimaliza karatasi, nikapata alama nzuri. Sijawahi kumwonyesha mtu alama zile. Nyoa nywele zote, oga dawa, vaa nguo mpya kutoka stoo. Kamzike... kamwone mzee wako. Ukirudi tutajua la kufanya."

Akaondoka, na kisigino chake kimoja kilikuwa kinagonga sakafu kwa nguvu kuliko kingine. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alikuwa amempa Time kitu ambacho mimi mwenyewe ningempa.

Time alizunguka meza. Akazunguka tena. Aligusa mkoba, akauacha, akafungua bomba la maji, akalifunga. Mimi nami nilikuwa nazunguka upande wa pili. Tulikuwa kama kuku wawili waliosikia mwewe.

"Nikinyoa," alisema. "Nikinyoa hadi nyusi. Nikioga ile dawa mara mbili. Si ndiyo? Ambi, sema. Wewe ndiye mwenye fani."

"Time," Gwimo alisema, "leo ni Alhamisi."

Aligeuka taratibu. "Unasemaje?"

"Ni Alhamisi. Na swali ni lako."

"Baba'ngu anakata roho, wewe waniletea maneno ya mlangoni? Yakhe, una moyo wewe, au kifuani mwako mna rula?"

"Sina kingine cha kukupa," Gwimo alisema. "Nikisema usiende, utasema sina moyo. Ambi akisema nenda, ni kwa kuwa anakuonea huruma. Wewe ukijibu, utajibu nini? Tuhame viti. Kofia zimeshatuchafua, hazituchafui zaidi."

Time alichukua kofia ya Gwimo mezani, akaenda nyuma ya pazia. Gwimo alivaa yangu. Ya Time ikabaki, inadondosha, na ilikuwa zamu yangu.

Ilikuwa baridi na nzito, kama kitambaa cha kukandia homa. Nilishawahi kuivaa mara nyingi. Nikiivaa huacha kuona vitu, naona mikondo. Joto linatoka mwilini mwa Gwimo, linapanda, linatafuta dirisha. Hewa inasukumana mlangoni. Kila kilicho na shinikizo kinataka kwenda mahali pasipo na shinikizo, ndivyo kichwa cha Time kinavyotembea. Lakini safari hii kila mkondo nilioufuata ulipinda. Nilianza na dirisha, nikajikuta barabarani. Nilianza na bomba, nikajikuta baharini. Kofia haibebi majonzi, wametuhakikishia hivyo, lakini Time alikuwa ameivaa majuma yote haya akisoma huku simu ikiwa mapajani, na kichwa chake kilikuwa kimejifunza njia moja tu. Miguu yangu ilinipeleka yenyewe mlangoni. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mkoba.

"Nenda," nikasema. "Unangoja nini? Nenda sasa hivi, gari litakuacha." Nilikuwa nalia, na machozi na maji ya kofia vilichanganyika, sikujua kipi ni kipi.

Gwimo hakunitazama. Alikuwa amefumba macho chini ya kofia yangu. "Wete usiku ni nyuzi ngapi?" aliuliza.

Time alijibu kutoka nyuma ya pazia. "Ishirini na nne. Kukiwa na baridi."

"Unyevu?"

"Hewa ya kwetu waweza kuikamua."

"Kuna nini chenye manyoya?"

"Mbuzi. Paka." Akasita. "Watu."

"Nyumbani kwa mzee kuna watoto?"

"Wa Mize. Na wa kaka. Na wa jirani, hawana kwao, wote hulala pale ukumbini."

"Wanalala pamoja?"

Gwimo alifumbua macho. "Kitu hiki hakina ubaya," alisema, na kilichonishtua ni kwamba alikizungumzia kama ambavyo ningekizungumzia mimi, kwa upendo ule ule. "Kinataka joto na maji tu. Kwenu vyote vipo kila usiku, na breki haipo. Watoto wataamka na vichwa vimelowa. Watakaushwa, watalowa tena. Wale wanakondoo hawakufa kwa umande."

Pazia likafunguka. Time alikuwa amevaa kofia ya Gwimo ndani ya ushungi, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouzoea, umetulia hadi ukanitisha.

"Nikinyoa na kuoga, huenda nikabaki na moja," alisema. "Huenda nisibaki nayo. Tuseme bahati iko upande wangu, mara tisini na tisa kwa mia. Ningekuwa naenda kukaa chumbani peke yangu, ningekwenda. Lakini naenda nyumba ya mgonjwa. Nitakuta uwanja umejaa. Kila shangazi atanikumbatia, kila mtoto atanirukia, na kila mmoja akimaliza atakwenda kwake. Ile moja kwa mia haibaki moja. Inazidishwa na kila mkono."

Akaichomoa haraka chini ya ushungi, kama aliyetumaini kwamba chini ya kofia yapo mawazo mengine. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Na bila kofia?" nikamuuliza. Yangu, yaani yake, nilikuwa nimeshaitupa kwenye beseni.

"Bila kofia nataka kwenda," alisema. "Nataka kwenda mpaka meno yananiuma."

"Na?"

"Na siendi."

*

Dereva alipiga honi mara mbili, akangoja, akapiga tena ndefu, ya hasira. Tulilisikia gari likishuka mteremko. Time hakusogea mpaka mlio ulipopotea kabisa. Kisha alitoa simu, akawasha spika, akaiweka mezani, na sote tukasikia inavyoita.

"Dada Time!" Ilikuwa sauti ya Mize. "Ushapanda gari?"

"Mpe Baba simu."

"Kalala. Kila akizinduka akuuliza wewe."

"Mwamshe, Mize."

Tulisikia mlango, kisha mto ukipangwa, kisha pumzi, fupi na yenye mkwaruzo. Mzee Faki alikuwa fundi wa majokofu maisha yake yote; nusu ya samaki wa Wete wamelala kwenye barafu aliyoifufua yeye. Nilikuwa nimeongea naye mara moja, na alinitania kwamba watu wa Kitulo tunaishi ndani ya friji halafu tunalipia umeme.

"Time. Umefika wapi?"

"Nipo chuo, Baba."

"Hujatoka?"

"Baba, nisikilize. Nimeshikwa na kitu. Hakiniumizi. Ni kitu tulichokitengeneza wenyewe, chaota kwenye nywele na ngozi, chavuta maji. Huku nje baridi hukiua. Huko... huko hakitakufa."

"Hakifi kwa joto letu."

"Hakifi, Baba."

"Watoto?"

"Ndio ninaowaogopea."

Alielewa. Nilimsikia anavyoelewa; mtu aliyeshinda na joto na baridi miaka yote hiyo haelezwi mara mbili. Nikangoja. Niliomba kimoyomoyo aseme lile ambalo tunaambiwa wazee hulisema: kaa mwanangu, nimeridhika, Mungu akubariki. Nilikuwa na hakika atalisema.

"Njoo," alisema.

"Baba..."

"Nimekufahamu. Njoo tu." Pumzi ikakatika, ikarudi. "Miye naogopa, Time. Nikifumba macho sijui kama n'tayafumbua. Hawa wote wanasoma dua, wanalia, wananigeuza, lakini hakuna niliyemwambia kama naogopa. Nataka unishike mkono."

"Siwezi, Baba."

"Watoto n'tawatoa. N'tawatoa wote, hata Mize. Tukae miye na wewe, mlango ufungwe."

"Na mwishowe watakuja kukuosha, Baba. Watakugusa wewe."

Sijui alipata wapi nguvu ya kulisema hilo. Gwimo aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza.

Iliporudi, sauti ya mzee ilikuwa imebadilika, imekuwa ngumu na ya kitoto kwa pamoja. "Na radhi yangu? Wataka nife sina radhi na wewe?"

Kwetu pia radhi ya mzazi ni kitu kizito, lakini nilimwona Time anavyoipokea hiyo, na nikajua kwao ni nzito zaidi. Alishika ukingo wa meza. Mimi nilikuwa tayari kumwambia aende, atembee kwa miguu hadi Mbeya, lolote, ilimradi mzee yule arudishe neno lake.

"Naitaka radhi yako, Baba," alisema. "Sina ninachokitaka kuliko hiyo. Lakini siji."

Simu ikakwaruza. Ikaangukia kitu laini. Tulisikia watu wakiulizana, mmoja akisema maji, mpeni maji. Kisha Mize, analia waziwazi.

"Umemwambia nini? Kageukia ukutani. Hataki kusema na mtu."

"Mwambie..." Time alianza. Akajaribu tena. "Mwambie..." Halikutoka, na hakulazimisha tena. Alinyoosha kidole kwenye kitufe chekundu, akakiacha hapo hewani.

"Ngoja," Mize alisema. "Dada, ngoja. Anasema kitu."

Tukangoja.

"Asema usikate."

"Nani?"

"Baba. Hajageuka, bado katazama ukuta. Asema, mwambie asikate simu."

Time alirudisha mkono kifuani. "Sikati," alisema. Akavuta kiti, akaketi, akalaza shavu mezani karibu na simu, pale alipoweza kusikia pumzi. Gwimo aliinuka bila kuambiwa, akaenda kutafuta chaja.